Njia ya Kongo–Nile kwa wikendi: panga safari kuanzia Jumapili jioni

Ukitaka kuitembea Njia ya Kongo–Nile kwa wikendi, jiulize kwanza Jumapili saa nane mchana utakuwa umesimama wapi, na ni chombo gani kitakachokutoa hapo. Ukishalijibu swali hilo, malazi, chakula, uzito wa begi na hata idadi ya kilomita vitajipanga nyuma yake. Wengi hufanya kinyume. Hufungua ramani, hugawa umbali kwa siku walizonazo, wakaridhika. Jumapili alasiri inawakuta kwenye rasi fulani ya Ziwa Kivu, jua linashuka, basi la Kigali limekwishaondoka, na kesho yake saa mbili wanasubiriwa kazini.

Njia hii ina urefu wa kilomita 227. Inaanzia mjini Rubavu, ambao wengi bado wanauita Gisenyi, na kuishia Kamembe wilayani Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu. Inapita wilaya zote tano za Rwanda zinazopakana na ziwa: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Jina lake limetokana na mgongo wa milima unaogawa maji ya bara hili. Mvua inayonyesha magharibi ya mgongo huo huteremka Kivu, hufuata Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha Lukuga, kisha Kongo, mpaka Atlantiki. Inayonyesha mashariki hushika Nyabarongo na Akagera, huingia Ziwa Viktoria na kufuata Nile mpaka Misri. Wewe utatembea upande wa Kivu, chini ya mgongo huo. Kwa hiyo ukielekea kusini, ziwa liko kuliani kwako na vijito vyote vinakatiza mbele yako kutoka kushoto. Likumbuke hilo siku simu itakapozima. Maji yakikaa kushoto kwako kwa muda mrefu, ama umeingia kwenye rasi ama umepotea.

Wanaoitembea mfululizo huhitaji siku kumi hivi, na wenye baiskeli tano. Mtu mwenye kazi, watoto na ibada ya Jumapili hazipati siku kumi kirahisi. Ninaamini kwa dhati kwamba kuigawa si kuipunguzia hadhi. Anayetembea vipande huiona kahawa ikichanua, akirudi baada ya miezi anaikuta ikianikwa juu ya meza ndefu za viwanda vya kuoshea. Huufahamu mteremko mmoja ukiwa mkavu na ukiwa tope. Anayepita mara moja huona msimu mmoja tu.

Hesabu ya kipande

Ratiba nyingi za njia hii hutaja vituo vilevile: Rubavu, Cyimbiri, Kinunu, Musasa, Karongi, Mugonero, Karengera, Rangiro, Shangi, Kamembe. Ni vituo vizuri kwa mtu ambaye kesho yake anaamka na kuendelea kutembea. Vilipangwa kufuata malazi, na wewe unahitaji vilivyopangwa kufuata usafiri. Vitumie kama alama za kukuelekeza na usivifuate kama amri.

Milimani kilomita peke yake haisemi mengi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hadi leo inafaa: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Chukua siku ya kilomita 18 yenye jumla ya mita 900 za kupanda. Kilomita zinakula muda wa saa tatu na nusu na kidogo, kupanda kunakula saa moja na nusu, jumla ni zaidi kidogo ya saa tano. Hapo hujapumzika, hujala, hujasimama kuamkiana na mtu, na begi hujalihesabu. Ongeza theluthi moja, ufike karibu saa saba. Ukiondoka saa moja asubuhi, unafika saa nane mchana.

Usishangae mita 900 zinatoka wapi wakati njia inafuata ziwa. Uso wa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na pwani yake imekatwakatwa kwa ghuba na rasi. Njia hushuka kwenye ghuba, huvuka kijito, hupanda bega la kilima, hushuka tena. Mita 150 ukizipanda mara sita ndizo hizo 900. Ndiyo maana kijiji unachokiona ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kusikia jogoo wake, kinaweza kukugharimu nusu ya asubuhi.

Jumamosi basi ipe kilomita 18 hadi 20. Jumapili ipe 10 hadi 12, umalize kabla ya saa saba mchana. Wikendi moja inakuwa na kilomita 30 hivi, na njia nzima inakamilika kwa wikendi nane. Mpango huu unakutaka uondoke Kigali Ijumaa baada ya kazi na ulale karibu na mahali pa kuanzia. Kama Ijumaa haiwezekani, Jumamosi yako itaanza karibu na adhuhuri; weka kilomita 20 kwa wikendi nzima na ukubali kwamba zitakuwa wikendi kumi na moja au kumi na mbili. Ni bora mara mia kuliko kukimbizana na giza. Huku jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halisubiri.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi warudishe saa nyuma kwa saa moja. Ukimuuliza mtu wakati, jibu halitakuchanganya, kwani Kinyarwanda huhesabu saa kama sisi, na saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Ila tiketi ya basi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Isome mara mbili.

Milango ya kutokea

Hapa ndipo mpango unapofanikiwa au kuvunjika, na ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi kabla ya kununua hata soksi.

Nusu ya kaskazini, kutoka Rubavu hadi Karongi, ndiyo inayopendwa zaidi. Njia ni ya udongo, inakaribia maji, magari ni machache. Hupita kandokando ya kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kisha miji inabaki nyuma na unaingia kwenye migomba, kahawa na mikaratusi. Lakini uzuri huo una bei yake. Barabara ya lami ya Rubavu hadi Karongi iko juu mlimani. Hupita Rutsiro, kwenye kituo cha biashara ambacho chenyewe kinaitwa Congo-Nil, kisha Rubengera, ambako inakutana na barabara ya Kigali. Wewe uko chini kabisa ziwani. Ukimaliza Kinunu au Musasa, kati yako na basi kuna mlima, na chombo cha kuupanda mlima huo ni pikipiki.

Pikipiki hiyo uiagize kabla. Usitegemee kuikuta, hasa Jumapili vijana wanapokuwa kanisani. Atakayekushusha Ijumaa jioni mahali pa kuanzia mara nyingi ana mwenzake upande wa pili. Muombe namba, piga simu papo hapo, mkubaliane siku, saa, mahali na bei. Piga tena Jumapili asubuhi kumkumbusha. Sheria za Rwanda zinaruhusu abiria mmoja kwa pikipiki, na kofia ngumu ni lazima, kwa hiyo mkiwa watatu mnahitaji pikipiki tatu. Muulize pia kuhusu mvua. Zipo njia za udongo wa kaskazini ambazo zikilowa hazipandiki, na dereva mwaminifu atakuambia ukweli. Ukisikia kwamba ikinyesha hataweza kufika, jibadilishie kituo cha kumalizia siku hiyohiyo.

Basi la kurudi Kigali likatie tiketi mapema, siku ya kwenda ikiwezekana, maana Jumapili mchana wanafunzi na watumishi wote wanarudi mjini. Mabasi ya Rwanda huondoka kwa saa iliyoandikwa na huuza viti kwa idadi. Usilenge basi la mwisho. Lenga linalotangulia la mwisho, ili ukichelewa uwe bado na moja.

Kusini mwa Karongi mambo hubadilika. Barabara ya lami ya Karongi hadi Rusizi hujizungusha karibu na ziwa, na njia ya miguu hukutana nayo mara kwa mara, pengine huwa ni hiyohiyo. Kutoka ni rahisi. Unasimama pembeni, unasubiri basi au teksi ya abiria. Kinachohitaji uangalifu ni magari. Rwanda huendesha kulia, kwa hiyo mtembea kwa miguu akitaka kuyaona magari yanayomjia hukaa kushoto. Mtanzania, Mkenya au Mganda amezoea kinyume chake, na mwili huenda kwa mazoea hata akili ikijua. Kwenye kona za Nyamasheke mazoea hayo yanaweza kukuua. Kila unaporudi kwenye lami baada ya mapumziko, jikumbushe kwa sauti.

Eneo moja la kusini halimo katika urahisi huo. Njia inapoelekea Rangiro hupanda kuliacha ziwa, huingia kwenye mashamba ya chai na kukaribia ukingo wa Nyungwe. Baridi ni kali zaidi, ukungu ni wa kawaida, na lami iko mbali. Kipande hiki kihifadhie wikendi ya siku tatu. Na usijaribu kukata njia kupitia msituni: Nyungwe ni hifadhi ya taifa, tangu 2023 iko pia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kuingia kuna utaratibu wake.

Sasa, uanzie wapi? Ramani inasema Rubavu. Mimi nasema Karongi. Kutoka stendi ya Nyabugogo ni mwendo wa saa tatu hivi kwa lami kupitia Muhanga, malazi ni mengi, na kutoka hapo unaweza kwenda kaskazini au kusini kadiri hali ya hewa inavyokuruhusu. Wikendi ya kwanza itembee karibu na Karongi, ujue mwendo wako halisi kwa begi lako halisi, ndipo upange zilizobaki. Ukienda Rubavu kwanza, unajitupa kwenye sehemu yenye milango michache kabla hujajijua.

Mpangilio wa vipande hauna sheria, ila kuna jambo moja la kulinda. Anzia pale pale ulipoishia. Pikipiki ikikuchukua penye mti fulani, wikendi inayofuata ikushushe penye mti huohuo. Piga picha ya mahali hapo, hifadhi alama kwenye ramani ya simu, andika daftarini tarehe na jina la kijiji kama wenyeji wanavyolitamka. Mapengo ya kilomita mbili hapa, tatu kule, huonekana madogo siku yanapoachwa. Kuyarudia baadaye kunagharimu wikendi nzima kwa mwendo wa nusu saa.

Kalenda

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano wananchi hufanya kazi za jamii: kuchimba mitaro, kupanda miti, kutengeneza barabara. Maduka hufungwa, usafiri husimama. Mgeni anayepita na begi mgongoni wakati kijiji kizima kimeshika majembe hatendi vizuri. Una njia mbili. Ama uiepuke Jumamosi hiyo, ama ushike jembe nao, kisha uanze kutembea saa sita kwa kipande kifupi. Ya pili naipendekeza angalau mara moja. Barabara unayoitembea hutengenezwa na mikono hiyo.

Jumamosi nyingine nazo zina jambo lake. Karongi na Nyamasheke zina Waadventista wengi, na Mugonero yenyewe ni misheni yao ya tangu zamani. Siku ya Sabato maduka yao hayafunguliwi, kwa hiyo chakula cha Jumamosi nunua Ijumaa.

Wikendi ndefu zitafute mapema. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya Umuganura, ya kushukuru mavuno, nayo huangukia katikati ya kiangazi. Hakuna wikendi bora kuliko hiyo kwa kipande cha Rangiro. Tarehe 1 na 4 Julai nazo ni sikukuu, na zikikaa vizuri kwenye juma hukupa siku za ziada.

Kiangazi kirefu ni kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, na kile kifupi ni Januari na Februari. Septemba hadi Novemba mvua huja lakini mara nyingi hukuachia asubuhi. Machi hadi Mei kaa nyumbani, au tembea sehemu za lami tu. Nasema hivi nikijua wapo wanaopita salama. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliangusha milima na mito ikafurika katika wilaya hizihizi, Rutsiro na Karongi na Rubavu na jirani zao, na watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wakiwa wamelala majumbani mwao. Miteremko ile ndiyo unayoitembea. Mwezi Aprili hakuna kipande kinachostahili kulazimishwa.

Rutsiro na Karongi zina sifa nyingine mbaya, radi. Mawingu yakijikusanya mchana, shuka kutoka kwenye mabega ya vilima, usijifiche chini ya mkaratusi uliosimama peke yake, na omba hifadhi kwenye nyumba iliyo karibu. Hakuna atakayekunyima.

Begi

Kwa siku mbili, begi lisizidi kilo 7 pamoja na maji. Koti la mvua la kweli, sweta moja, nguo ya kulalia iliyo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi ya kichwani, dawa zako, chandarua kama huna hakika na malazi, pawabenki, na ramani ya njia iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu mtandao hukatika kwenye ghuba. Vibao vya njia vipo sehemu nyingi, lakini usivitegemee peke yake. Kwenye njiapanda yenye vijia vitatu ndipo huwa vimekosekana. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku 2008, na mpakani huchukuliwa.

Viatu vipewe heshima kuliko kitu kingine chochote begini au mwilini. Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu. Ukilowa, soli laini huteleza na soli yenye meno hubeba kilo ya tope. Meno makubwa yaliyoachana ndiyo hufaa. Vivae wiki tatu mjini kabla ya safari. Soksi badilisha mchana, na ukihisi joto mahali fulani mguuni simama hapohapo, kausha, bandika plasta. Lengelenge la Jumamosi saa nne likipuuzwa huwa limepasuka jioni, na Jumapili nzima unaiona kwa mguu mmoja. Mtembezi wa vipande ana bahati ya siku tano za kupona, ila bahati hiyo isikufanye uzembee.

Maji ya ziwa na vijito yachemshe, yachuje au yatie dawa. Chakula kizito usibebe. Vituo vya biashara vina maandazi, chapati, mayai, ndizi, viazi, chai ya maziwa, na vibanda vya maziwa ambavyo kwangu ni hazina ya njia hii: kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa ya mgando, kinakurudisha miguuni kuliko biskuti yoyote. Jioni uliza sambaza. Ni dagaa wadogo wa kukaanga, na Mkigoma atawatambua kwa ulimi mara moja, kwa kuwa asili yao ni Tanganyika. Walipandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wake utawaona wakitoka jua linapozama, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zimewashwa, wakipiga makasia kwa nyimbo.

Ukipenda kulala kwenye hema, omba ruhusa kwa kiongozi wa kijiji, na usiweke hema bondeni kando ya maji. Pwani ya kaskazini ya ziwa, hasa upande wa Goma, ina mazuku, gesi nzito ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde, haionekani, nayo huua mifugo na watu. Lala juu, penye upepo, au lala kwenye nyumba ya wageni. Cyimbiri na Kinunu zipo kando kabisa ya maji. Karongi zipo nyumba za makanisa, safi na za bei ya kadiri.

Watu wa njiani

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Rubavu na Kamembe utakisikia sokoni kutwa, kwa sababu ya jirani zao wa Goma na Bukavu. Katikati ya njia hali ni tofauti. Wazee wa Rutsiro wengi watakujibu kwa Kinyarwanda tu. Jifunze machache kwa moyo: *mwaramutse* asubuhi, *mwiriwe* kuanzia mchana, *murakoze* kwa kushukuru, *amazi* ni maji. Na hili moja litakuokoa: *Inzira ijya i Kinunu ni iyihe?* Njia ya kwenda Kinunu ni ipi? Badilisha jina la mahali kadiri unavyokwenda. Taja kituo kinachofuata, si cha mwisho wa siku, na uliza kwa muda badala ya kilomita. Kisha ongeza theluthi moja kwenye jibu utakalopewa, maana anayekujibu hupanda kilima hicho kila siku na mzigo kichwani.

Salimia kila mtu. Hii ni njia ya watu kwenda shambani, zahanati na shuleni kabla haijawa yako ya mapumziko. Mpishe mwenye mzigo. Usigawe pipi wala sarafu kwa watoto. Mtoto anayejifunza kumkimbilia mgeni barabarani anawekwa hatarini, na atakayepita baada yako ataomba radhi kwa uliyoyaanzisha. Pesa yako iache kwenye vibanda, kwa wapika chai na kwa madereva wa pikipiki. Picha piga kwa idhini.

Na ujue unapita wapi. Kanisa linalokutazama kutoka kilimani mjini Karongi lina kumbukumbu ya maelfu waliouawa ndani na kandokando yake Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mugonero, watu waliokimbilia misheni na hospitali waliuawa humo. Juu yake, kwenye vilima vya Bisesero, Watutsi walijihami kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi kabla ya wengi wao kuuawa. Kumbukumbu hizo zitembelee. Zipangie muda wake, usizifanye mahali pa kuvuta pumzi kati ya kilomita ya nane na ya tisa. Juma la kuanzia tarehe 7 Aprili ni la maombolezo ya taifa. Usipange matembezi ya burudani katika juma hilo. Siku nyingine zote, usimuulize mtu wa njiani maswali ya mwaka ule. Akitaka kukusimulia, sikiliza.

Kuhusu usalama wa mpakani, mwanzo wa njia uko kilomita chache tu kutoka Goma. Vita vilipouingia mji huo mwishoni mwa Januari 2025, risasi na makombora vilivuka na kuua watu upande wa Rubavu. Upande wa kusini, Kamembe inatazamana na Bukavu. Kabla ya kila kipande cha ncha hizi mbili, pata habari za wiki hiyohiyo kutoka kwa mtu anayeishi huko, mwenye nyumba ya wageni utakayolala kwa mfano, na kama unatoka Goma au Bukavu kwa miguu ulizia saa za kufunguliwa kwa mpaka kabla ya kulipia chochote. Hali ikiwa mbaya, nenda Karongi. Hii ni faida kubwa ya kutembea kwa vipande: ncha zinaweza kusubiri mwaka mzima bila kukuharibia safari.

Kipande cha mwisho

Popote utakapoanzia, kipande cha Shangi hadi Kamembe kipangie tofauti na vingine vyote, kwa sababu ya kurudi. Basi la Kamembe hadi Kigali hupita katikati ya Msitu wa Nyungwe na kuteremkia Huye, mwendo wa saa sita hivi, na barabara ya msituni si ya kupita usiku kwa mtu aliyechoka. Ukimaliza Jumapili saa saba, huwezi kufika nyumbani kwa saa ya maana. Kuna ndege za kutoka Kamembe kwenda Kigali, kwa mwenye nafasi. Kwa wengine wetu, omba ruhusa ya Jumatatu mapema, tangu unapoandika jina la kipande hicho kwenye kalenda, ulale Kamembe Jumapili, na ukate tiketi ya basi la kwanza la asubuhi ukiwa bado Kigali.